Ndevu za Sisimizi wa Ras Al Khor

Mtani wangu Mutua,

Nianze na ugomvi, maana ndivyo tulivyozoea. Umekufa ukiwa umekosea. Haya, nimelisema. Sasa tulia huko uliko nikueleze, na usinikatize. Tangu tujuane, hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupata nafasi ya kumaliza sentensi mbele yako.

Najua marehemu haambiwi maneno ya namna hii. Lakini kwetu Singida, msibani watu wote hunong'ona isipokuwa mtani. Mtani huingia na kelele, hujilaza kwenye mkeka wa wafiwa, hudai kuku, huvaa koti la marehemu akaigiza alivyokuwa akitembea, na hakuna wa kumkasirikia. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kusema lile ambalo wenzake wanalimeza. Wakamba na Wanyiramba si watani wa jadi, hilo tunalijua wote wawili. Tulijitangazia wenyewe, siku ya tatu ndani ya gari la dawa ya wadudu, uliponiambia kuwa sisi Wabongo tunaongea Kiswahili kirefu mpaka mende wanakufa kwa uchovu kabla hatujapuliza. Nikakujibu bora kirefu kuliko chako kilichovunjika miguu yote miwili. Ukacheka mpaka ukakosa kona ya kuingilia Oud Metha. Khalas, utani ukaanzia hapo, na leo natumia haki yangu.

Ni miezi minane tangu utuache hapa Dubai. Kiti chako kwenye gari anakaa Mnepali mmoja mpole, hasemi neno kutoka asubuhi hadi tunarudisha mitungi ya dawa. Hanisumbui hata kidogo, na hiyo ndiyo tabu yenyewe. Kitanda chako kimepata mtu. Kofia yako bado iko nyuma ya kiti, nimeikatalia kuoshwa. Na kampuni imebadilisha dawa ya mende, hii mpya inanuka ndimu. Ungeichukia.

Vitu vyako nilivifunga mwenyewe vikaenda na mwili. Nguo, redio, viatu vya kanisani. Kilichobaki ni lile kopo la biskuti lenye sisimizi wako watatu, daftari, na ile lenzi ya mafundi saa uliyonunua Deira. Nilimpigia shemeji, mkeo, kumuuliza nifanye nini navyo. Akaniambia, "Hao wadudu kaa nao wewe. Wewe ndiye unawajua." Lo! Mimi ninajua nini? Kazi yangu ilikuwa kukushikia tochi.

Unajua mazishi yako niliyaona kwenye simu. Binti yako Mwende ndiye aliyesoma wasifu, amevaa sare ya shule, sauti haitetemeki, huyo mtoto ana moyo. Alisoma kuzaliwa kwako, shule, miaka uliyofanya kibarua cha kupachika wadudu kwenye pini katika makumbusho, ndoa, Dubai. Halafu akafika pale: "Baba aligundua sisimizi mpya ambaye hakuwa amejulikana duniani." Watu walipiga makofi, Mutua. Msibani! Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nje ya chumba chetu, nikapiga makofi pia, peke yangu, na machozi yananitoka bila aibu.

Basi miezi mitatu iliyopita shemeji akanipigia. Kaburi linataka kusakafiwa kabla ya mvua. Fundi ataandika kwenye saruji ikiwa mbichi: jina lako, tarehe zako, na chini yake jina la sisimizi. "Shemeji, sasa huyo sisimizi wa Mutua anaitwa nani? Nataka liandikwe vile wasomi wanaandika." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anipe wiki chache. Nilidhani ni jambo la kufungua daftari lako, kupiga picha, kumtumia mtaalamu, kupewa jina. Kazi ya mtu mzima na akili zake.

Nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ni ile siku ya Ras Al Khor, na hapo nilifunga, nikalifungua tena kesho yake.

Unaikumbuka vizuri kuliko mimi, lakini nitaisema, kwa sababu naipenda. Yadi ya kuni, mwezi wa saba, saa za mapumziko ya mchana ambapo hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi juani. Watu wote wamelala kivulini mwa makontena. Hata nzi wamelala. Wewe ukainua kichwa, ukaangalia ile sakafu ya zege inayounguza mpaka soli, ukasema, "Kuna mtu anakimbia." Nikatazama, sioni mtu. Ulikuwa unamsema sisimizi. Mmoja, mwekundu-mweusi, miguu mirefu, anakwenda mbio, anasimama, anageuka, anakwenda mbio tena kama aliyesahau ufunguo. Ukaondoka kivulini, mzee mzima, ukapiga magoti kwenye lile zege. Nikakwambia Mkamba, jua limekuingia.

Mimi nilisema ni yule wa hapa hapa wa jangwani, tunamjua, naye hukimbia mchana. Ukanipa lenzi. "Hesabu shanga kiunoni, boss." Wa hapa ana fundo moja kati ya kifua na tumbo. Huyu alikuwa nayo mawili. "Huyu ni mgeni," ukasema, na ukamfuata kwa magoti hadi kwenye rundo la kuni za mgunga zilizoletwa kutoka nchi kavu za kusini mwa Afrika kwa ajili ya mikahawa ya kuchoma nyama. Kulikuwa na kisiki kimoja kimekuja na udongo wake kwenye mizizi. Ndani ya udongo ule palikuwa na nyumba nzima.

Arbab, bosi wa yadi, alipotoka na kuona wadudu wanaingia na kutoka alipiga kelele: yalla, dawa, dawa! Ulimwomba dakika kumi. Ukachukua watatu kwa ile brashi yako ya rangi. Halafu ukavaa barakoa na ukapuliza wewe mwenyewe, hukuniachia mimi, mpaka wa mwisho, na kisiki tukakichoma. Nilikuuliza kama roho haikuumi. Ukasema, "Inauma. Lakini hawa wakitoka hapa wakaingia jangwani, wale wa hapa watakula nini?" Nimewaambia watu wengi maneno hayo tangu ufe. Wanadhani ulikuwa mtu wa chuo kikuu.

Sisimizi wawili uliwatia kwenye kichupa chenye sanitaiza ya mikono, maana spiriti haikupatikana. Wa tatu hakupata nafasi, ukamfunga kwa tishu ukamweka mkavu kwenye kikopo cha pipi za mnanaa.

Kisha zikaja zile siku zetu za mapumziko, wewe umekaa kitandani na makaratasi yako ya kutambulia, mimi na tochi. Makaratasi yale yalikuwa ya maswali tu. Kiuno kina mafundo mangapi? Mawili, nenda ukurasa ule. Vipapasio vya kichwani vina pingili ngapi? Hesabu, nenda pale. Halafu likaja swali: chini ya kichwa ana ndevu? Ulinieleza kuwa wadudu wengi wa mchangani wana ndevu ndefu zilizopinda kidevuni, wanazitumia kama kikapu cha kubebea mchanga wanapochimba. Ukatazama wale wawili kwa lenzi. Hawana. Ukafuata njia ya wasio na ndevu, ikakufikisha mahali ambapo hakuna aliyefanana nao. Ukarudi mwanzo. Mara tatu ulirudi mwanzo. Mara ya tatu ulisimama ghafla ukagonga kichwa kwenye kitanda cha juu, ukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta: "Hajaandikwa! Boss, huyu hajaandikwa!"

Ukaandika lebo zako kwa ile kalamu nyembamba. Wale wawili: "Mpya." Yule wa kikopo cha pipi ulimwangalia sana. Huyo alikuwa na ndevu, na kiuno kinene kidogo. Ukasema huyu si mwenzao, kaingia na kuni zilezile lakini ni wa kwingine. Ukamwandikia lebo yake: "Sijui." Ukamsukuma pembeni ya kopo.

Wiki mbili baadaye niliingia kwenye mkahawa wa Oud Metha kuchukua saini, wewe ukabaki garini, ukaniambia usichelewe, nina njaa. Sikuchelewa. Dakika saba, Mutua, nimezihesabu mara nyingi. Nilikukuta umeegemea dirisha na mkono uko kifuani, na redio inaendelea kuongea. Sitaandika zaidi ya hapo.

Basi mimi huyu, mshika tochi, nikaanza kazi yako. Usicheke. Ile kliniki tunayopulizia kila mwezi hapo Oud Metha, unamkumbuka dada Nakato wa maabara, Mganda, yule uliyekuwa unamwambia Kiswahili chake ni afadhali kuliko changu? Nilimwomba hadubini. Akaniruhusu saa ya chakula cha mchana, kwa sharti kwamba mdudu yeyote akitoroka mimi ndiye nitakayepigwa dawa. Nikakata pembetatu za karatasi kutoka kwenye kadi za kampuni yetu, kama ulivyonifundisha, tone dogo la gundi kwenye ncha, mdudu juu ya ncha, pini kwenye karatasi na siyo kwenye mdudu, na lebo yako kwenye pini hiyo hiyo. Wa kwanza nilimvunja mguu. Nilikuomba radhi kwa sauti, Nakato akageuka kutazama nani ameingia.

Nikaandika maelezo yake, kama ulivyosema mtu aandike: kana kwamba msomaji hana macho. Kichwa kirefu kidogo kuliko upana wake, kimechorwa mistari ya kwenda chini kama shamba lililopigwa matuta. Macho yako katikati ya shavu. Vipapasio pingili kumi na mbili. Miguu mirefu kupita kiasi. Kiuno mafundo mawili, la mbele limesimama juu ya kijiti. Tumbo linang'aa. Nilimaliza wale wawili, nikaona niandike na yule wa "Sijui" ili kopo liishe.

Hapo ndipo nikasita. Matuta yale yale kichwani. Vipapasio vile vile. Kijiti kile kile. Kila nilichoandika kwa wawili kilikuwa kwake pia, ila ndevu, na ule unene. Nikamwambia Nakato, inakuwaje hawa wamefanana hata mistari ya uso, halafu mmoja ana ndevu na wenzake wamenyolewa? Nakato hakuinua hata kichwa kwenye chupa zake. Akasema, "Labda wamelowa. Mimi pia nywele zangu zikilowa hujui kama ziko."

Mutua, nilisukuma daftari pembeni. Nikawatoa wale wawili, nikawaosha kwa maji ya vuguvugu, nikawaosha tena kwa spiriti ya maabara, nikawaweka chini ya taa. Ile jeli ilikuwa imeganda kidevuni kama uji kwenye sufuria. Dakika kidogo, unywele mmoja ukanyanyuka. Halafu wa pili. Halafu ndevu nzima, ndefu, zimepinda, nzuri ajabu! Nilipiga ukelele wa furaha. Nakato alikuja kuangalia, naye akasema eh, jamani, mzee huyu.

Furaha ile haikudumu hata nusu saa. Maana kama wana ndevu, basi ile njia uliyofuata siyo, na inabidi nifuate nyingine. Niliifuata na makaratasi yako yale yale, na haikunipeleka gizani. Ilinifikisha moja kwa moja kwenye kundi la wakimbiaji wa nchi kavu za kusini, wasomi huwaita Ocymyrmex, jina ambalo ungelitamka vibaya mbele za watu bila haya. Nikatuma picha kwa yule daktari wa sisimizi wa makumbusho kule kusini uliyeandika anwani yake mwisho wa daftari. Akajibu kwa upole kabisa. Alisema picha ni safi, maelezo ni mazuri, na sisimizi huyu anajulikana, ameshapewa jina zamani sana, kabla wewe na mimi hatujazaliwa.

Sasa nakuja kwenye langu, na hapa utani naweka chini.

Spiriti ilikuwepo. Siku ile pale yadini ulinituma duka la dawa, ukasema nenda haraka, tafuta spiriti safi, jeli haifai. Mimi nikavuka barabara, nikaona duka la vinywaji lenye kiyoyozi, nikanunua laban baridi, nikakaa. Nilikunywa taratibu. Nikarudi nikakwambia nimezunguka kote, hakuna. Uliniamini, ukashukuru hata, ukachukua sanitaiza iliyokuwa mbele ya usukani. Ulikosea kwa sababu mimi nilikudanganya kwa ajili ya chupa ya maziwa. Umeingia kaburini na makofi ya kosa ambalo ni langu. Nisamehe, ndugu yangu. Nimelibeba hili na limenichosha.

Nilifikiria njia za mkato, sitakuficha. Huko kwenu Kitui nani atakagua? Ningeweza kumpa shemeji jina lolote la Kilatini, fundi akaandika, maisha yakaendelea. Siku moja nilikwenda mbali zaidi. Nilishika kibano nikaanza kuvuta lebo yako ya "Mpya" kutoka kwenye pini, nikisema moyoni kwamba namsitiri mtani. Mkono ukakataa. Nilikusikia kabisa, na ile sauti yako ya kukwaruza: "Lebo ya mwenzio haing'olewi, boss." Ulinieleza jinsi kule makumbusho pini moja inaweza kuwa na lebo nne au tano, wakubwa wamesahihishana, huyu kasema hivi, yule kasema sivyo, na hakuna hata mmoja aliyechomoa ya mwenzake. Anayesahihisha anaweka yake chini na jina lake. Nikakuuliza siku ile, sasa aliyekosea si anaaibika milele? Ukasema aibu ni ya yule anayechomoa.

Nikaweka kibano mezani. Nikatoka nje ya kliniki nikampigia shemeji.

Nilimwambia yote. Kwamba si mpya. Kwamba ndevu zilikuwepo. Kwamba spiriti ilikuwepo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo Mwende alisimama akasoma uongo?" Nikamwambia hapana shemeji, alisoma kosa, na kosa lenyewe lina mwenyewe, ndiye anayeongea na wewe. Halafu akauliza, "Hiyo maziwa ilikuwa baridi?" Nikasema ilikuwa baridi sana. Basi alianza kucheka, mtani, alicheka hadi kicheko kikageuka kilio, na mimi huku barabarani na sare ya kupulizia dawa nalia kama mtoto, watu wananipita. Akasema, "Mutua angekupiga na kiatu." Nikasema ningeinama anipige vizuri.

Mwisho akasema atamwambia fundi aandike jina na tarehe tu. Nikaumia, kwa sababu alisema kwa sauti ndogo. Nilikuwa nataka kuaga ndipo akaniuliza: "Na yule wa tatu je?"

Nikamwambia wa tatu ni mwenzao tu, wa nyumba moja, ndiye aliyetufumbua macho kwa kuwa alikaa mkavu. Akasema, "Hapana. Huyo, Mutua alinipigia simu juu yake. Alisema kuna mmoja amemshinda. Si ndevu peke yake. Alisema ana mwili wa mtu mwingine." Nikamwambia shemeji, mbona kwenye daftari hakuandika. Akasema, "Ya kujivunia aliandika. Ya kumshinda aliniambia mimi."

Kesho yake saa ya chakula nilikuwa tayari nimekaa kwenye hadubini kabla Nakato hajavua glavu. Nikampima yule wa "Sijui" kila mahali. Urefu ni karibu ule ule wa wenzake. Miguu ile ile ya mbio. Lakini fundo la pili la kiuno limetanuka kwa upana, tumbo ni kubwa, kifua kina nguvu. Ni mwenzao na si mwenzao. Nikapiga picha kutoka juu, ubavuni, mbele, nikamtumia daktari, nikaandika swali moja tu: huyu ni nani?

Alijibu siku hiyo hiyo, na maneno yake hayakuwa tena ya upole, yalikuwa ya mtu aliyeinuka kitini. Akaomba picha zaidi. Nikapiga. Akaomba vipimo. Nikapima, mara mbili. Ndipo akaeleza. Katika kundi hili la wakimbiaji, malkia hana mabawa. Hazaliwi na mavazi ya kifalme kama malkia wa sisimizi wengine. Anafanana na wafanyakazi, na ukimpita kwa haraka humwoni. Na wa aina hii, malkia wake hajawahi kuandikwa na mtu yeyote. Wafanyakazi wanajulikana tangu zamani, lakini yeye hakuna aliyemtambua. Akasema wa kwako ndiye atakayekuwa wa kwanza, na kwamba maelezo niyaandike mimi kwanza, yeye atanirekebisha, na jina la aliyemkusanya litakaa pale linapostahili, kwenye karatasi na kwenye pini.

Umeliona hilo, Mkamba? Pale ulipopiga kelele na kugonga kichwa hapakuwa na kitu. Pale ulipoandika "Sijui" na kusukuma pembeni, ndipo palipokuwa na mali. Ingekuwa mimi, ningeandika "mwenzao" nikafunga kopo. Wewe jicho lako lilikataa, na ukawa muungwana wa kukiri kwamba limekataa. Ninajivunia wewe kupita kiasi, na hilo nalisema bila utani hata chembe.

Maelezo nimeyaandika. Mara sita. Daktari amesahihisha kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikafanana na mtu aliyeugua surua, nami nimerekebisha bila kununa. Ninajua sasa kuhesabu pingili bila kuvunja kitu. Ninajua kuuliza kama mdudu amelowa kabla ya kusema hana kitu. Ndani ya gari nina chupa ya spiriti safi, na yule Mnepali nimemfundisha kuwa sanitaiza ni ya mikono. Juzi aliniita akanionyesha kitu ukutani. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu, lakini alikuwa amekiona yeye mwenyewe.

Kesho malkia wako anasafiri kwenda makumbusho ya kusini, na karatasi zake zote za ruhusa. Anarudi kwao, tofauti na sisi ana tiketi ya kwenda tu. Wafanyakazi wawili wanakwenda naye, na lebo zako za "Mpya" ziko juu yao kama ulivyoziacha, nami nimeweka jina la kweli chini, na jina langu. Waje wasomi miaka mia ijayo waone ulikosea. Waone pia ni nani aliyekurekebisha, na kama wangejua habari ya laban wangecheka wote.

Nilimpigia shemeji kumweleza habari ya malkia. Nilidhani atakimbia kumwita fundi. Akasema fundi alishamaliza, jina na tarehe, saruji imekauka. Nikafa moyo. Kisha akasema, "Lakini chini nilimwambia asijaze. Niliacha pahali, kama hizo lebo zenu. Mwende ndiye ataandika, wewe ukikuja na saruji."

Basi sikia ahadi yangu. Likizo yangu ni mwezi wa kumi na mbili. Kabla sijafika Singida nitapitia Kitui na mfuko wa saruji, hata kama ni mgongoni. Mwende ataandika ukweli, wa sisimizi na wa malkia, na atausoma kwa sauti ile ile isiyotetemeka. Mimi nitavaa kofia yako, nitajilaza kwenye mkeka, nitadai kuku, nitaigiza ulivyokuwa unatembea kwa magoti kwenye zege, kisha nitakusomea barua hii yote, kwa Kiswahili kirefu, mpaka mchwa wa Kitui wachoke. Huna pa kukimbilia.

Pumzika sasa, mtani. Naenda kufunga kopo. Kwenye pini ya malkia kuna lebo mbili. Ya juu ni yako, na ile S yako iliyolala: "Sijui. Mutua." Ya chini ni yangu: "Malkia. Shabani." Nimeisogeza yangu chini kidogo, isiifunike yako.